Samaki Wasiovuka Mchanga

Mume wangu alikuwa mkweli katika kila jambo isipokuwa moja. Ukimuuliza anakwenda kuvua wapi, anakudanganya, tena anakudanganya huku amekukazia macho bila kupepesa. Akisema Bangwe, ujue Bangwe hatii mguu. Ndivyo walivyolelewa kwao Ujiji. Babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, na desturi hiyo wakavuka nayo: mvuvi hataji mahali anapokwenda mpaka arudi, kwa sababu ziwa lina masikio, na majirani nao wana yao, tena makubwa zaidi. Akisharudi atakueleza yote, jiwe kwa jiwe, hata usipomuuliza. Akienda hasemi kweli, akirudi hadanganyi.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu mtu akitoka anaaga. Nakwenda kisimani, nakwenda mnadani, nakwenda kwa shangazi, na asipoonekana tunajua pa kuanzia kumtafuta. Mara ya kwanza kunifanyia mchezo huo tulikuwa bado wageni katika ndoa. Aliniambia anakwenda hapo Katonga tu, nikamwekea ugali mpaka ukawa jiwe, akarudi jua limezama na habari za mahali pengine kabisa. Nilimfokea hadi majirani zetu wa Rusimbi wakatoka nje kutazama. Mama mkwe alipopata habari alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu, wewe mtu wa nchi kavu," akaniambia. "Ukilitajia ziwa unakokwenda, linakutangulia."

"Na likimchukua, mama, nikamtafute wapi?"

"Ishia hapo hapo. Usimchurie mwenzio."

Nikaishia hapo hapo, lakini moyo haukuridhika hata siku moja.

Kigoma nilifika kwa treni, miaka ile ya sabini, nimetoka chuo cha uvuvi na cheti changu mkobani. Watu walinicheka kweli kweli. Serikali imemtoa mtu Kondoa, kwenye maji ya kupima kwa kata, imemleta kando ya ziwa ambalo kina chake hakuna aliyekigusa! Nilipangiwa kituo cha utafiti wa samaki, penye matangi ya saruji na boti moja ya injini, na kazi yangu ilikuwa kutunza samaki walio hai. Si dagaa wala migebuka, hao walikuwa na watu wao. Mimi nilipewa samaki wa mawe.

Samaki wa mawe ni wadogo, hawajazi kiganja cha mtu mzima, na mpishi mwenye akili hapotezi mafuta yake kwao, maana ni miiba mitupu. Lakini wazuri hao, we acha tu. Wanakaa kwenye miamba ya ukingoni, kutwa wanakwangua ukoga wa kijani juu ya mawe na kugombana. Aliyekuwa akiwataka ni Daktari. Tulimwita Daktari ingawa hakutibu mtu. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam, mwembamba, mpole, mtu wa kusahau kula. Na aliyekuwa akimzamia ni kijana mmoja wa Ujiji, ndiye huyo aliyekuja kuwa mume wangu. Anavaa miwani ya kuzamia, anashuka na nyavu mbili ndogo, anawaswaga samaki katikati ya mawe, kisha anawatia katika tenga la mianzi lililofungwa ubavuni mwa mtumbwi, nusu ndani ya maji, ili wafike hai. Mimi nawapokea. Hivyo ndivyo tulivyojuana, yeye ameloa chapachapa, mimi nimeshika beseni.

Jambo lililomtoa Daktari Dar es Salaam lilikuwa hili. Samaki hao ni aina moja, umbo moja, ugomvi mmoja, lakini kila miamba ina rangi yake. Wa Bangwe ni wa kahawia iliyofifia. Ukivuka mdomo wa mto Luiche kwenda kusini, unakuta wenye ubavu mwekundu. Upande wa kaskazini, kwenye miamba ya Kalalangabo, ni weusi wenye mkanda mpana wa manjano kiunoni. Ukiendelea kaskazini ukavuka ghuba ndefu ya mchanga, miamba inayofuata ina weusi vilevile, ila mkanda wao ni mwembamba na mweupe, uzi tu. Kutoka kwa hawa wa mkanda mpana hadi kwa hawa wa uzi, mtu anapiga kasia akafika kabla jasho halijamtoka vizuri. Na hawachanganyiki ng'o.

"Kwa nini hawatembeleani?" nilimuuliza Daktari.

"Kwa sababu ya mchanga," alisema. "Mchangani hakuna ukoga wa kula, hakuna jiwe la kujificha. Samaki wa mawe akijitosa mchangani analiwa. Basi anabaki kwao, anaoa kwao, anazaa kwao, damu inazunguka humo humo vizazi na vizazi, mpaka rangi inakuwa yao peke yao."

"Na watoto je? Si maji yanaweza kuwachukua?"

Alifurahi kwa swali hilo hadi nikaona haya. Akaniita kwenye tangi, akanionyesha jike mmoja aliyetagia humo humo tangini. Kidevu kilikuwa kimevimba. Mama huyu, akasema, akishataga anayaokota mayai yake kwa mdomo, anayalea humo, na watoto wakianguliwa anaendelea kukaa nao mdomoni. Siku wanayotemwa wameshakuwa samaki kamili, wanaangukia jiwe lile lile walipozaliwa bibi zao. Maji hayapati mtoto wa kuchukua.

Siku nyingine alikuja mbio, jarida la kigeni mkononi, macho yamemtoka. Chini kabisa ya bahari kuu, mahali jua lisipofika, Wazungu walikuwa wameteremka ndani ya chombo cha chuma wakakuta chemchemi za maji ya moto, na kuzizunguka wanyama tele: chaza wakubwa ajabu, minyoo mirefu inayoishi ndani ya mirija. Ukitoka penye chemchemi ni giza, baridi na njaa, mpaka chemchemi nyingine mbali huko. Tena chemchemi hazidumu. Moja inazimika, waliokuwapo wote wanakufa, nyingine inafumuka kwingine, na baada ya muda unakuta nayo ina wakazi.

"Wamefikaje?" Daktari aliniuliza mimi, kama kwamba nilikuwako. "Wangekuwa na tabia ya samaki wetu wangekwisha zamani. Mimi nasema watoto wao ni wepesi, wanaachwa wachukuliwe na maji. Wengi wanapotelea gizani, mmoja wawili wanaangukia penye moto. Swali lao na letu ni lile lile, ndugu yangu. Nani anafika wapi, na nani ni ndugu wa nani."

Niliwaza mama wa huko chini anayemwachia mtoto wake giza lile, nikasema moyoni afadhali wangu wa mdomoni. Wakati huo nilikuwa na binti anayenyonya, na mambo ya watoto yalinigusa upesi.

Mume wangu naye hakuhitaji jarida kuwahurumia mama hao. Alikuwa na utaratibu wake, na hakuuvunja hata mvua ikinyesha. Akishamaliza kuzamia, kabla ya kung'oa nanga, anafungua tenga, anawachambua samaki mmoja mmoja, na kila mama mwenye mdomo uliojaa anamwachia hapo hapo. Njiani mama akitishika anawatema watoto, au anawameza, na ukimwachia kwingine umemtupa ugenini. Miaka yote niliyompokea samaki, tenga lake halikuwahi kuniletea mama mwenye kidevu kilichovimba. Daktari alipowahi kumwomba mmoja kwa ajili ya kazi yake, alimkatalia, akamwambia asubiri watagie tangini.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa kiangazi. Mwenzake wa kupiga kasia alikuwa hoi kwa homa, mume wangu akasema atakwenda peke yake, si mbali. Mlinzi wa getini akamuuliza anaelekea wapi. "Kusini, kule Luiche." Na mimi nilipomuuliza, akanijibu hivyo hivyo, kusini, kisha akacheka, maana alijua ninajua. Nikamwambia, "Haya, nenda huko kusini kwako." Akaahidi kurudi alasiri.

Alasiri ikapita. Magharibi ikaadhiniwa, ikapita. Mama mkwe akafika kutoka Ujiji kwa miguu, akamchukua mtoto akampakata. Usiku huo siusimulii.

Asubuhi wavuvi wa dagaa walirudi wakiburuta mtumbwi wake. Ndani mlikuwa na kasia, shati lake limekunjwa vizuri, na mtu hakuna. Kamba ya nanga ilikuwa imekatika. Tenga lilikuwa bado limening'inia ubavuni. Waliukuta mbali, huko katikati, na hiyo haikutusaidia kitu, kwa sababu usiku upepo unashuka kutoka milimani na kusukuma kila kinachoelea kwenda katikati. Mtumbwi ungeweza kuwa umetoka popote. Mama mkwe aliliona lile shati akaketi chini pale pale ufukoni, kanga imemwanguka kichwani asiiokote.

Wanaume wa Ujiji walishaanza kuingia mitumbwini, lakini kasia na urefu wa ufuko ule, wapi na wapi. Kilichohitajika ni boti ya kituo. Na petroli, kwa miaka ile, mnakumbuka wenyewe jinsi ilivyokuwa ikitafutwa. Mkuu wa kituo, mtu wa Bukoba, mwema sana lakini mtu wa taratibu, alikwenda kutazama pipa akarudi uso umemshuka. Ilikuwapo ya kwenda na kurudi upande mmoja tu. Tukichagua kusini, kaskazini hakuna. Tukichagua kaskazini, kusini hakuna.

"Tunakwenda kusini," alisema. "Mlinzi aliambiwa kusini."

"Kusini hayupo," nikasema.

"Ndugu, si na wewe umesema alikuambia kusini?"

"Ndiyo maana hayupo!"

Alinitazama kwa huruma, nikajua anadhani akili zimeniruka. Akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa, "Unataka kuniambia mumeo ni mwongo?"

"Mwongo mkubwa, ndugu mkuu! Mwongo wa kuzaliwa! Muulize mama yake huyo hapo."

Watu wote wakamgeukia mama mkwe. Kitu kama hicho watu wa kwao hawakisemi mbele ya wageni, na nilijua ninamvua nguo hadharani. Akaiokota kanga yake. Halafu akasema, "Ni kweli, baba. Akisema kusini, kusini hayupo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuficha. Nimemficha mwanangu mpaka nimempoteza."

Mkuu wa kituo akavua kofia. "Sasa mama, kama si kusini, ni wapi?"

Kaskazini ufuko unakwenda hadi Burundi, miamba na ghuba, miamba na ghuba. Wanaume wakaanza kubishana. Mmoja Kalalangabo, mwingine mbali zaidi, mwingine anasema pengine safari hii alisema kweli, mtu hubadilika. Na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya maji hadi magotini, nimeshika ukingo wa mtumbwi, sioni, sisikii. Ndipo kitu kikanigonga kidole ndani ya tenga.

Samaki walikuwa hai.

Nilipiga ukelele wa kumwita Daktari mpaka watu wakadhani nimeona maiti. Tukawachota kwa beseni, tukakimbia nao hadi kwenye matangi, maana humo nilikuwa na samaki wa kila miamba, kila kundi na tangi lake. Nikachungulia beseni, moyo ukanifa. Samaki wote walikuwa wamepauka, kijivu tupu. Samaki wa mawe akiogopa rangi inamkimbia, na hawa walikuwa wameburutwa usiku kucha.

"Wafunike," Daktari alisema. "Wafunike watulie."

Nilivua kanga ya begani nikafunika beseni. Tukangoja. Ewe Mola, kungoja kule! Nje injini ilikuwa ikijaribiwa, nasikia mkuu wa kituo akiwaambia watu wapakie kamba, na mimi nimechuchumaa kando ya beseni nisithubutu kuinua kanga. Nilitaka kuwafokea wale samaki, nilitaka kuwabembeleza. Nikajikuta nawaambia kwa sauti, "Nisemezeni basi, jamani." Daktari hakunicheka. Alikuwa anauma kucha.

Tulipofunua, weusi ulikuwa umerudi. Ubavu mwekundu hakuna hata mmoja, basi kusini kukafutika. Kiunoni palikuwa na mkanda. Nilimshika mmoja nikamtia katika jagi la kioo, nikalisogeza kwenye tangi la Kalalangabo. Mkanda wa wale mpana, wa manjano. Wa huyu, uzi mweupe. Nikalisogeza kwenye tangi la pili, la ile miamba iliyo ng'ambo ya ghuba ya mchanga. Walikuwa ni wale wale, hata mtoto angewaoanisha.

"Hawa hawajavuka mchanga tangu enzi za mababu zao," Daktari alisema. "Aliwatoa pale. Hakuna pengine."

Tulikimbia na beseni hadi ufukoni. Mkuu wa kituo alisikiliza yote, na swali alilouliza lilikuwa la haki, simlaumu hata leo. "Sawa, aliwavua pale. Lakini kutwa ni ndefu. Nitajuaje kuwa hakumaliza pale, akapiga kasia akaenda kwingine, akapatwa na makubwa huko? Nina petroli ya upande mmoja, ndugu yangu."

Niliinamia beseni nikaingiza mkono. Nilimtafuta samaki niliyekuwa nimemwona kwa pembe ya jicho, nikamkamata, nikamwinulia mkuu wa kituo usoni. Kidevu kilikuwa kimevimba. Nilimbonyeza kidogo shavuni, na mdomo ulipofunguka tukaona macho madogo madogo, yamejaa humo, yanatutazama.

"Mume wangu haondoki mwambani na mama wa namna hii," nikasema. "Anawaachia kwanza, ndipo anang'oa nanga. Kama huyu yumo tengani, basi hakuwa amemaliza. Hakuondoka. Lililompata limempatia pale pale."

Mama mkwe alikuwa ameshainuka, amekuja kusimama nyuma yangu. "Anayosema mwanangu ni kweli," akasema. Wanaume wa Ujiji nao wakaitikia, ndiyo, ndiyo, jamaa ana tabia hiyo, tumemcheka mara ngapi. Mkuu wa kituo akayatazama yale macho madogo ndani ya mdomo, akavaa kofia yake.

"Kaskazini," alisema. "Twendeni."

Tuliondoka watatu, mimi, Daktari na mwendesha boti, Mha mmoja wa Gungu asiyependa maneno. Samaki tuliwarudisha tengani, tukalifunga ubavuni mwa boti. Tukapita Kalalangabo, tukavuka ghuba, chini yetu mchanga mweupe hauna hata kivuli cha samaki. Mwendesha boti alipunguza moto tulipofika kwenye miamba. Zamani, juu ya miamba ile, kulikuwa na nyumba za watu na mihogo yao. Walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, wengine hadi upande wa Kidahwe, na kuta zao zilikuwa zimeshaliwa na majani. Miaka michache nyuma yake mtu akipiga kelele pale angesikiwa. Sasa walikuwako nyani tu.

Niliita jina lake. Mwamba ukanirudishia. Niliita tena na tena, boti inakwenda pole pole, na kila tulipozunguka jiwe nilikuwa nafumba macho kwanza kabla ya kutazama. Miamba ikaanza kwisha. Mbele yetu niliona mchanga wa ghuba nyingine unaanza, nikaona mwendesha boti anaichungulia petroli. Nikajiambia, mwanamke, umewapeleka watu upande usio wenyewe kwa sababu ya samaki, na mumeo yuko kusini anakufa, safari hii alisema kweli. Nikakaa.

Mwendesha boti akazima injini. "Subiri, mama," alisema. "Sikiliza."

Ko. Ko. Ko. Jiwe juu ya jiwe.

Alikuwa ndani ya ufa, nyuma kidogo ya tulipokuwa tumepita, juu tu ya maji, mahali ambapo mtu hawezi kupanda juu wala kutembea pembeni. Jiwe lilikuwa limemwangukia mguuni alipokuwa anazamia. Alijinasua, akajivuta hadi pale, akautazama mtumbwi wake ukikata kamba na kuondoka. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Midomo imepasuka, mguu umepinda pasipopinda mguu, macho mekundu, lakini hai. Hai! Daktari aliingia majini na viatu vyake. Mimi sikumbuki nilifikaje pale mwambani. Nakumbuka nilikuwa nimekishika kichwa chake kwa mikono miwili, nalia na kucheka kwa pamoja, namwambia wewe, wewe, wewe, basi, neno lingine halikuja. Kifua changu kilifunguka, pumzi niliyokuwa nimeibana tangu jana yake ikatoka yote. Sijawahi kupata raha ya namna ile kabla wala baada, na nimezaa mara nne.

Alikunywa maji, akapaliwa, akanywa tena. Akaliona tenga.

"Wale mama," akanong'ona. "Umewaachia?"

"Ala! Umevunjika mguu unauliza samaki?"

Hata hivyo Daktari alikuwa ameshafungua tenga. Aliwaachia wote, wenye videvu na wasio navyo, akasema kwa leo sayansi imetosha. Wakazama wakapotea katikati ya mawe.

Tulirudi na petroli ya kubahatisha, mguu umefungwa kwa kasia na kanga yangu. Njia nzima alikuwa ameniegemea, anatetemeka, na mimi namwekea mikono yote miwili asije akanidondoka. Ufukoni palikuwa pamejaa. Nusu ya Ujiji ilikuwako, na watu wa Gungu, na wafanyakazi wa kituo, na walipoona vichwa vinne ndani ya boti badala ya vitatu, vigelegele vilipanda hadi mlimani. Alhamdulillahi zilikuwa nyingi, na Wakristo nao wakishukuru kwao. Mama mkwe aliingia majini hadi kiunoni, hakungoja boti ifike. Alimshika mwanawe uso, akamshika mabega, akaushika ule mguu mzima, anahesabu kama viungo vyote vimerudi.

Mkuu wa kituo naye alikuwa analia, ingawa alijifanya jasho. Akainama juu yake, kwa sauti ya upole kabisa, akamuuliza, "Pole, ndugu yetu. Pole sana. Hivi ulikuwa wapi?"

Mume wangu akainua mkono wake, akamkazia macho bila kupepesa, akaonyesha kule.

"Kusini," akasema.

Nilimzaba kofi. Mbele ya mkuu wa kituo, mbele ya Daktari, mbele ya Ujiji yote, mke akampiga mume wake aliyetoka kufufuka. Mwenyewe akanitazama, mkono bado uko hewani unaelekea Luiche, na nikaona ndiyo kwanza anajisikia alichokisema. Mimi nikamgeukia mama yake, maana mwana ni wake na heshima ni yake, nikawa natafuta maneno ya kumwomba radhi.

Mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya maji, mikono yote miwili imemshika mwanawe asiyumbe.

"Mwongeze na langu, mwanangu," akaniambia. "Mikono yangu haina nafasi."